Mguu wa Mtoto Mgongoni mwa Bikira

Mpendwa mdogo wangu,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Lubumbashi. Kifua kimetulia, au bado unakohoa vumbi la mbao? Sisi hapa Bujumbura tunapumua, Mungu ashukuriwe. Simu hupokei, basi nimeshika kalamu.

Sanamu yako ya Bikira Maria bado imekaa sakristia, haijabarikiwa. Siku ile ulipoileta ukaondoka bila hata kunywa chai, sisi tunaofagia kanisa tuliizunguka kwa furaha. Bikira mwenye kitenge, mtoto kamfunga mgongoni! Mama Ines akasema, "Eh, huyu anaenda soko ya Bwiza, mumuache apite!" Mwenzake akamjibu, "We nyamaza. Angalau huyu anajua kufunga mutoto."

Kisha nikapita nyuma yake. Mtoto umemfunika wote, kichwa hakionekani. Umeacha mguu mmoja tu, unaning'inia chini ya kitenge. Kicheko kikaniishia mdomoni.

Najua unakumbuka. Tulipoukimbia mtaa wetu wa Mutakura wakati wa vita, mama alitangulia na Konsolata wetu mgongoni, wewe nyuma yake umeshika pindo la kitenge, mimi nyuma yako na sufuria kichwani. Kila tulipotaka kumtazama mtoto, mama alisema, "Musimuamushe, amelala." Tukazunguka njia za mbali, jua likapanda, tukafika Mutanga kwa shangazi, na bado alisema hivyohivyo. Shangazi ndiye aliyefungua kitenge, akamkuta ameshapoa.

Mguu ule, ulioning'inia mbele yetu njia nzima, hatukuwahi kuutaja, mimi na wewe, hata siku ya kumzika mama. Sasa nikifagia peke yangu mchana nauona. Nikiupa mgongo, bado nauona.

Na wanawake wameanza kuja, wale waliofiwa na watoto. Hakuna aliyewaita. Wanaushika mguu, wanalia taratibu, kidole gumba kimeshaanza kung'aa. Padri ameingiwa na hofu. Aliniita, akasema kwa upole, "Mama, sanamu hatuiabudu. Heshima inaenda kwa yule anayeonyeshwa. Na kazi ya Maria ni kutuonyesha Mwanae. Sasa huyu mutoto ni nani? Ni Yesu, ao ni maiti?"

"Apana, padri, mi sijui. Aliyechonga ni mudogo wangu."

"Basi umuulize."

Asipopata jibu lako kabla ya sikukuu ya Maria Kupalizwa Mbinguni, seremala atakata kitenge na kubandika kichwa cha mtoto begani, watu wamwone. Hapo ndipo ataibariki.

Mdogo wangu, kusali kumekuwa kazi ngumu kwangu. Nikianza "Salamu Maria", anayenijia ni mama yetu, miguu imejaa vumbi. Kama uliyemfunga pale ni Konsolata, basi nimekuwa nikimpigia magoti mdogo wetu, na padri amesema kweli, acha seremala alete msumeno. Lakini kama ni Yesu, ee Mungu wangu, basi labda Yeye alikuwa nasi kwenye njia ile, na mama hakutudanganya.

Usiniandikie la kunifurahisha. Uongo hauwezi kubarikiwa.

Nakuomba unijibu upesi, hata mstari mmoja: ulipomchonga, alikuwa amelala?

Ni mimi, dada yako.