Ng'ombe Wasio na Majina

Mama Neema wangu, nakusalimu wewe na kanisa lote la Louisville, kutoka huku New Zealand kwa kaka yangu.

Bon, nchi hii ya visiwa wanaisifu bure. Ndege ilinitupa kisiwa cha kaskazini, treni ikanishusha hadi baharini, meli ikanivusha kisiwa cha kusini, na njia nzima niliona ng'ombe tu, wamenona kuliko wa baba kule milimani kwetu. Nikajua hapa mgeni atapewa maziwa. Kwenye meli nikamwomba dada wa kantini. Akaniletea kikopo cha plastiki, kidogo kama kifuniko cha soda, akauliza, "Kahawa yako iko wapi?" Nchi nzima ni viwele, mgeni anabaki na kiu! Hata yule mnunaji wa kantini ya kazini kwetu huko Jeffersontown angenijazia glasi.

Kaka anakamua kwa mashine. Nikamwuliza ng'ombe wake wanaitwaje. "Huku wana namba tu, kwenye sikio." Donc ng'ombe anakulisha, na wewe hujui hata jina lake! Nikawacheka wenyeji mpaka basi.

Kaka hakucheka. Alimnyooshea kidole ng'ombe mmoja mwekundu, akamwita, "Bihogo!" Ndilo jina la ng'ombe wa mama, yule tuliyemwacha kwetu siku tuliyokimbia vita. Ng'ombe hakugeuza hata shingo.

"Namwita kila asubuhi," kaka akasema.

Mama Neema, na mimi nikamwita.

Wakumbatie watoto. Nichemshie maziwa sufuria nzima, narudi na kiu.

Mama Aline