Kikaratasi Ndani ya Rimoti

Shoga, uko wapi? Soma hii halafu uifute.

Unaijua rimoti yetu iliyokufa wiki mbili zilizopita, na vitufe vya TV yenyewe vilishakufa zamani. Betri tumebadilisha mara tatu. Mume wangu kaipigapiga gotini mpaka kachoka. Leo nikasema naifungua mwenyewe, nisugue kutu.

Kutu iko wapi! Kuna kikaratasi. Kimekunjwa, kikabanwa kati ya betri na springi ili umeme usipite. Hiyo ni kazi ya mtu, shoga!

Nikakikunjua. Kimekatwa kwenye boksi la dawa ya presha. Humu ndani nani anameza dawa ya presha? Mama mkwe! Na kila betri mpya ikija, nani anasema, "Lete niiweke mimi, mwanangu"? Yeye!

Mara huyo, mlangoni. Hakuuliza kama imepona. Kaniuliza, "Umeifungua?"

UMEIFUNGUA! Macho makavu kabisa.

Nikamwonyesha. "Mama, hiki nini?"

Akakaa kwanza. "Tangu nije hapa, mume wako alikuwa ananisalimia huku anatazama mpira. Siku hizi ananiuliza nimelalaje."

Shoga, na mimi nikakaa. Maana hata mimi, siku hizi ananiuliza nimeshindaje.

Sasa hivi mume wangu kaingia. "Vipi, imepona?"

Nimemwambia imekufa moja kwa moja. Kikaratasi nimekirudisha kwa mkono wangu, na nimekikunja mara mbili.