Mabenchi ya Msiba wa Mama

Maguu,
Mbinga.
15 Agosti 2010

Mpendwa mdogo wangu Mansuetus,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini u mzima huko Marekani na kifua hakikusumbui tena. Sisi hatujambo. Baba anakula kidogo, mimi nimesharudi kufundisha, na kahawa iko juani.

Mama tumemzika salama. Kwenye simu ulisema mtambo wenu wa maabara hauwezi kuachwa, ukaomba nikueleze mazishi yalivyokwenda.

Wajomba walitaka kumpeleka Kihagara, alale kando ya ziwa kwa Waanglikana wenzake. Baba mdogo Adolf akakataa katakata. Baba akaamua azikwe hapa shambani. Mjomba Hamphrey aliitikia kwa mdomo tu, macho yalikuwa bado yanagombana. Na unajua kwetu wajomba hukaa ng'ambo ya kaburi, uso kwa uso na upande wa baba. Nikaona dhahiri kuna mtu atasukumwa shimoni.

Hapo nikakumbuka barua yako ya Pasaka, uliponieleza hizo molekuli zenu zenye upande chanya na upande hasi. Mnazipoza hadi zinakaribia kutulia kabisa, lakini zikifuatana kichwa kwa mkia huvutana, zinageuka kitu kingine, mnazipoteza. Kwa hiyo mnazitandaza katika tabaka jembamba na kuwasha uga wa umeme. Zote zinaelekea upande mmoja, ubavu kwa ubavu, na hapo zinasukumana badala ya kugongana.

Basi nikahamisha mabenchi. Niliwaweka wote upande mmoja wa kaburi, wajomba na baba wadogo wamechanganyika, wote wakitazama jeneza. Baba mdogo Adolf alinung'unika kwamba mwalimu anawapanga kama watoto wa darasa la kwanza. Lakini hakuna aliyegombana, hata nyimbo waliimba pamoja. Hongera, sayansi yako imefanya kazi Maguu.

Ila katika mstari ule hakuna aliyeuona uso wangu, wala mimi sikuuona wa mtu. Sijalia mpaka leo. Napika, nasahihisha madaftari, nalala. Uchungu siusikii, nafuu siisikii. Ni ganzi tupu.

Shangazi Notburga anakusalimu sana, na mjomba Hamphrey pia. Baba anakubariki, anasema usijisumbue, maliza kwanza masomo.

Mimi sisemi hivyo. Mtambo huo waachie wenzako, uje. Nitaweka viti viwili jikoni, tukae tukitazamana, hata kama tutagombana.

Mungu akulinde njiani.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Ottilia