Nilipasua Mlango wa Mama Nikatengeneza Kabati

Mpendwa Mama Stella, mshauri wetu wa gazetini, shikamoo. Nakushika miguu unisaidie, maana nimefika mahali hata nikiinuka kwenye mswala najiona sikuomba kitu.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, niliishia darasa la nne, kwa hiyo maneno yangu yakipinda utayanyoosha mwenyewe. Naishi hapa Mlali na mume wangu Kibwana pamoja na mama yangu mzazi, ambaye macho yameingia ukungu, mtu kwake ni kama kivuli tu. Tulishushwa na serikali kutoka mlimani mwaka wa sabini na nne kuja kukaa kijijini, na siku ile kila mtu alibeba chake, wengine magunia, wengine kuku, mama yangu akakataa vyote akasema yeye abebewe mlango. Ni mlango wa nyumba yake, ubao mmoja wa mninga usio na kiungo, uliochongwa na mjomba wake, na kwetu Waluguru nyumba na shamba hufuata upande wa mama, kwa hiyo mlango ule ni wake, kisha uje kwangu, kisha kwa binti yangu. Akauegemeza nyuma ya nyumba yetu chini ya upenu, akasema utakaa hapo mpaka atakaporudi kwake. Miaka sita, mshauri. Watoto walianika ufuta juu yake, na mimi nikazoea kuuona kama sehemu ya ukuta.

Sasa sikia nilivyojiangamiza. Chumba chetu ni kidogo, nguo tulitundika kwenye kamba na nyingine tukaziweka kwenye maboksi chini ya kitanda, na panya wa mwaka huu sijui wametoka wapi, wakala vazi langu la kuswalia nikanyamaza, wakala koti la Kibwana tukacheka, lakini siku nilipofungua furushi la mama nikakuta wametafuna pindo la sanda yake, aliyoinunua mwenyewe zamani kabla vitambaa havijaanza kuadimika, nililia kama vile ameshakufa. Nikasema lazima lijengwe kabati kwenye pembe ya chumba, lenye milango ya kufungika, na kwa kuwa uwezo wetu ni mdogo tukamwita fundi Maneno, ambaye anakubali kulipwa mahindi.

Maneno akapima, akanipa ya kuchagua. Pazia ni rahisi, akasema, ila panya haombi ruhusa kwa pazia. Plaiwudi haionekani madukani, na mbao laini masika ikifika zinapinda. Tukatoka nje tunazungumza, akauona mlango, akaupapasa kama mtu anayetaka kununua ng'ombe.

"Mama Selemani, unalia huna mbao na mninga umeulaza nje na kuku?"

"Huo ni wa mama."

"Anautumia?"

Nikamgeukia Kibwana, naye akasema, "Mke wangu, hayo ni mambo ya ukoo wenu, mimi simo." Mama alikuwa mbele ya nyumba anapukuchua mahindi, hatua ishirini tu, ningekwenda nikamwuliza. Sikumwuliza kwa sababu nilijua atakataa. Hiyo ndiyo kweli. Kesho yake mama alipokwenda kumtazama mgonjwa, Maneno akaupasua katikati kwa msumeno, akaupiga randa, tundu la komeo akaliziba kwa kipande cha mti, akatoa milango miwili ya kabati langu. Na kabati lenyewe usiniulize, mlango mmoja ukifunguliwa unagonga kitanda, nguo nazitoa ubavu ubavu kama mwizi.

Wiki mbili hazijaisha, akashuka mjomba Dadi. Huyu ni mdogo wake mama, yeye alirudi juu kimyakimya miaka mitatu iliyopita, analima maharage yake. Hata maji hajanywa, akasema, "Dada, nyumba yako nimeiezeka upya. Mwezi wa Shabani ukikaribia kuisha nakuja kukuchukua, Ramadhani ufunge kwako. Kinachongojwa ni mlango tu."

Mama alicheka, Mama Stella. Mimi kicheko kile sijakisikia tangu tuhamie huku. Akapiga paja, akaita, "Asia! Mlango wangu mtu auanike juani, ukauke!"

Nami nikasema, "Mama, mchwa waliumaliza."

Sijui ulimi wangu uliongozwa na nani. Mjomba akaruka, "Mchwa gani wanaokula mninga? Mchwa wa Mlali wana meno ya chuma?" Akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi mikono mitupu ananitazama. Mama akamwambia, "Mwache. Mtoto wangu akisema mchwa, ni mchwa."

Neno hilo linanila mpaka leo. Siku tatu baadaye aliingia chumbani kutafuta khanga yake, nami niko jikoni, nikaona kimya kimezidi nikamfuata, nikamkuta amesimama mbele ya kabati, kidole chake kimetulia pale penye tundu lililozibwa. Hakugeuka. Akasema, "Asia, mchwa wako wanajua kupiga randa."

Tangu siku hiyo hajasema nami. Leo ni siku ya kumi na tisa. Chakula nilichopika mimi hali, anakula cha jirani. Akishaswali alasiri anakaa uwanjani ameuelekeza uso mlimani, na mimi napita na ndoo kama mpangaji. Kibwana anasema yatapita, lakini mama yangu amezeeka, na mimi naogopa atapanda kule juu afie huko hajanisemesha.

Maneno ananiambia anaweza kupata ubao mwingine mahali, atauchonga ufanane, tuupake mafuta na kuufukiza moshi jikoni, nimwambie mama kuwa kabati ni mbao nyingine na mlango wake nilikuwa nimeuficha wezi wasiuchukue. Naomba uniambie kama hiyo ni dhambi ikiwa nia ni kumfurahisha mzazi. Au nilivunje kabati lote nililitie moto? Au nimzuie asiende? Jina langu liandike, sina la kuficha tena.

Ni mimi mwenye kukata tamaa,
Asia Abasi, Mlali, Morogoro.

MAMA STELLA ANAJIBU

Marahaba, Asia mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikakuonea huruma, mara ya pili nikakasirika, na utavikuta vyote humu. Vumilia.

Habari ya sanda nilikuelewa. Nani angeona pindo la sanda ya mama yake limetafunwa akae kimya? Lakini huo mlango wa kufukizwa moshi! Hapo niliiweka barua yako mezani nikatoka nje kuvuta pumzi. Mwanamke mwenye ukungu machoni amekutambua kwa kidole kimoja, na wewe unataka kumpelekea ubao wa mgeni? Wewe ni Mwislamu, mimi ni Mkristo, na kwa hilo hatuna haja ya kumsumbua shehe wala padri. Ni dhambi. Mwambie Maneno afunge mdomo wake na sanduku lake la vifaa.

Sasa nikuambie ninachokiona mimi. Wewe ulikuwa unamwandalia mama yako kuzikwa, naye alikuwa anajiandaa kurudi nyumbani. Miaka sita umeishi na msafiri ukamdhania amekwisha fika. Ulipopeleka msumeno kwenye ubao ule ulimwambia hakuna safari, na ulimwambia kupitia kwa fundi. Hilo ndilo linalomkalisha uwanjani.

Na ukubali hili pia: hujanieleza popote kwamba umemwomba radhi. Siku kumi na tisa unampelekea sahani. Anangoja maneno, wewe unapika!

Fanya hivi, na ufanye leo kabla hujalikunja gazeti. Nenda ukakae chini mbele yake, umwambie, "Mama, niliukata mlango wako, na nilikuwa najua ungekataa, kisha nikakudanganya." Ishia hapo. Usitaje panya wala sanda. Ukitaja sanda unamdai shukrani.

Kisha milango ya kabati ing'olewe kwenye bawaba. Msumeno umekula upana kidogo, kwa hiyo Maneno aongeze ukanda wa mbao katikati, agongee mbao mbili za kukingama kwa nyuma, kama misumari haipatikani atumie vijiti vya mti mgumu. Tundu la komeo alizibue. Mahali palipounganishwa asipapake chochote, paonekane. Hatalipwa hata hindi moja kwa kazi hiyo, na akinuna mwambie ni mimi niliyesema.

Kabati lako libaki na rafu na pazia la kitambaa kwenye waya, chumba kidogo kama chako hakikuhitaji milango ya kufunguka nje tangu mwanzo, fundi mwenye macho angekuambia. Nguo zisizopaswa kuguswa na panya ziwekwe kwenye sanduku la bati lenye kufuli, juu ya mawe mawili. Sanda mrudishie mwenyewe mkononi, aende nayo au aiache, aamue yeye.

Kumzuia asiende? Thubutu! Aende, na mlango uende naye. Mjomba wako akija, mwambie ukweli mbele ya Kibwana, akikutukana pokea. Kibwana atashika upande mmoja wa mlango na wewe upande wa pili, mpande nao mpaka juu, na asibebe kijana yeyote kwa niaba yako.

Sikuahidi kwamba atakusemesha. Wazee wengine huchukua muda, na wengine muda huwaishia, hilo lazima ulijue unapopanda. Mlango ukishapachikwa, mwache mama aingie, aufunge kwa mkono wake, nawe ubaki nje. Halafu piga hodi, usimame hapo. Kimya kikizidi, shuka nyumbani kwako, na wiki ifuatayo upande tena ukapige hodi.