Tangazo la Tatu Ni Jumapili Hii

Mpendwa Mshauri Annammal, naomba msaada wako, tena naomba haraka, kwa sababu leo ni Jumatatu na jambo lenyewe linaiva Jumapili, nami nimeshindwa kumwambia hata mke wangu, ambaye kwa miaka thelathini na mitatu sijamficha kitu zaidi ya sigara.

Mimi ni kinyozi mstaafu, nakaa hapa hapa George Town, na tangu nifunge duka langu huwa nakwenda kila Jumamosi asubuhi kanisani kwetu, Mtakatifu Barnaba, lile la nguzo nyeupe ambalo watalii hulipiga picha kwa mbele na kuondoka, wakati huku nyuma ukumbini kuna foleni ya watu wanaolala vibarazani mwa maduka, wamekuja kuoga, kunyolewa, kufungwa vidonda vya miguu na kula wali kwa dengu, na kazi yangu mimi ni vichwa, naweza kumaliza vichwa kumi na tano kabla wali haujakauka.

Miezi mitano iliyopita alikaa kwenye kiti changu mtu mwenye ndevu hadi kifuani, kwenye daftari ameandikwa Maniam, nikaanza kumnyoa huku namsimulia habari za mvua, na nilipofika nyuma ya sikio la kushoto nikakuta kovu la mafuta ya moto, na kovu hilo nalijua, kwa sababu lilipatikana jikoni kwa mama yangu siku tulipokaanga bajia za harusi ya dada yangu Pushpam, na aliyeungua alikuwa bwana harusi mwenyewe, Jebaraj, ambaye miaka kumi na miwili iliyopita alitoka nyumbani asubuhi akisema anavuka kwa feri kwenda kazini Butterworth ng'ambo, asirudi, akamwacha dada na mabinti wawili, yule mdogo hata meno hajaota.

Mkono wangu ukasimama. Yeye hakugeuka. Akasema, "Shemeji, endelea kunyoa. Watu wanangoja."

Nikamwuliza alikuwa wapi siku zote hizo.

"Kwenye chupa," akasema. "Halafu jela, halafu kwenye chupa tena. Usimwambie mtu."

Nikakubali, Mshauri, sijui kwa nini nilikubali, labda kwa vile kichwa kilikuwa kimenyolewa nusu na nilitaka kukimaliza.

Sasa sikiliza. Dada alimtafuta mumewe hospitalini, polisi, mpaka Johor kule kusini kabisa, akachoka, na mwaka juzi mahakama ikampa karatasi kwamba ahesabiwe amekufa, na mwaka huu ameposwa na Bwana Thangaraj, aliyefiwa na mkewe, zamani alikuwa karani wa posta, mtu mpole ambaye mabinti wa dada wameshaanza kumwita baba bila kuambiwa na mtu, na Padri Chong amesoma tangazo la ndoa yao Jumapili mbili, akiuliza kama yupo anayejua kizuizi chochote aseme, na Jumapili zote mbili nimekaa nyuma ya mgongo wa dada yangu nikitazama viatu vyangu.

Juzi nilimwambia Jebaraj kuhusu ndoa hiyo. Alikuwa anajua.

"Mwache aolewe," akasema. "Mahakama imeshanizika. Wewe unataka kunifukua ili iweje? Nikamfulie nguo?"

"Na tangazo la tatu?"

"Nyamaza kama ulivyonyamaza la kwanza na la pili. Unaweza sana." Akaenda kuchukua sahani yake.

Na sijakwambia lililo baya zaidi, kwamba dada aliwahi kuomba aje apike siku za Jumamosi, nikamwambia wapishi wametosha, kumbe wanapungua kila wiki, na kwamba Jebaraj ni mimi niliyemleta nyumbani kwetu nikamsifia kwa baba mpaka baba akakubali. Nikisema, namvunjia dada raha ambayo hajaipata tangu ujana. Nikinyamaza, sijui nitamwamkiaje. Nifanye nini?

Yesudian, kinyozi

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Yesudian, barua yako ilinifikia Alhamisi, na gazeti hili hutoka Jumapili, ndiyo maana nilikupigia simu. Niliyokwambia nayaandika hapa kwa ruhusa yako na ya dada yako. Majina nimeyabadilisha.

Pole. Kukutana na mtu mliyekwisha kumlilia si jambo dogo, na kwamba uliendelea kumhudumia ni heshima kwako. Huruma yangu inaishia hapo.

Unasema unalinda raha ya dada yako. Unalinda uso wako. Ulimleta Jebaraj mara ya kwanza na unaogopa kuonekana umemleta mara ya pili. Ukamfungia mwanamke mzima mlango wa ukumbi wa kanisa lake mwenyewe, na bado unashangaa kwa nini hujui utamwamkiaje.

Jebaraj anaweza kuacha nyumba. Hawezi kujiua kwa maneno akakupa wewe kazi ya kulinda kaburi. Yu hai, anakula wali kwa dengu kila Jumamosi mbele ya watu arobaini. Siku moja mmoja wao atamtambua, na dada yako atayasikia sokoni akiwa mke wa watu wawili. Hapo ndipo utajua maana ya kuvunja raha.

Usiende kwa padri kwanza, wala kwa Thangaraj. Mwenye jambo ni Pushpam, na asilisikie wa tatu. Nenda leo. Mwambie yote, na lile la wapishi pia. Usimwambie afanye nini. Akishajua, mwende naye kwa Padri Chong asimamishe tangazo. Mahakama iliyotoa karatasi moja inaweza kutoa nyingine, safari hii ya talaka, na mume yupo wa kutia sahihi. Jebaraj mjulishe kwamba umesema. Usimwombe ruhusa.

Wasomaji watataka kujua. Yesudian alikwenda jioni ile. Pushpam alikuwa anakuna nazi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Miezi mingapi?" Alipoambiwa mitano, akasema, "Toka nyumbani kwangu, kaka."

Jumapili Padri Chong hakusoma tangazo, wala hakueleza. Jumamosi iliyofuata Pushpam aliingia ukumbini, akavuka foleni, akakaa mbele ya Jebaraj alipokuwa anakula. Jebaraj akaanza kuinuka.

"Kaa," akamwambia. "Sikukuja kukurudisha. Binti yako mkubwa anafanya mtihani mwaka huu. Mdogo hajui sura yako. Nataka sahihi yako, halafu wao wenyewe wataamua kama wanataka kukuona."

Alitia sahihi. Thangaraj amesema atangoja mahakama, na wakati wa kungoja anaosha masufuria ya ukumbi kila Jumamosi, maana Pushpam sasa anapika huko. Binti mkubwa amekuja mara moja kumwona baba yake. Mdogo amekataa.

Na wewe, Yesudian, umeniandikia tena kwamba dada yako bado hasemi nawe, ingawa ni hatua kumi tu kati ya kiti chako na jiko lake, na kwamba umemtumia ujumbe wa kuomba radhi mara sita. Acha simu. Nenda nyumbani kwake, ukae jikoni. Akikwambia toka, toka, na kesho yake urudi.