Filimbi Shingoni Mwangu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Manyatta, kaunti ya Embu. Baridi ya kukata masikio. Niliajiriwa kuandika mikataba ya waigizaji, basi. Leo mwelekezi wa filamu, Gitari, amenivika filimbi. Kithaka anaigiza kijana wa zamani anayesubiri kutahiriwa, na amekataa nguo ya mpira ya kuzuia baridi. Atasimama katika mto Rupingazi alfajiri, maji kifuani, kama mababu walivyotiwa ganzi kabla ya kisu. Akizidiwa atainua mkono, mimi nipulize, wamtoe.

Atainua mkono! Gitari amekulia Nairobi. Huku kwetu mwanamume hainui. Hata mimi nilifunzwa hivyo — kope isicheze.

Naogopa.

Jumatano, 16 Julai

Nimeharibu. Meno yake yaligongana mpaka nikayasikia ng'amboni — nikapuliza. Na hakuwa ameinua mkono. Mjomba wake, Mzee Kivuti, anayeigiza mmoja wa wazee, akauliza kwa sauti: "Kwani huyu karani alitahiriwa kwa simu?" Ukingo wote kicheko. Kithaka hakucheka. Alinivuta kando: nikimwaibisha tena mbele ya mjomba, tusijuane.

Nesi Wawira naye hakucheka. Akasema kutetemeka ni kuzuri, mwili unapigana. Akiacha kutetemeka, hapo ndipo niogope.

Kesho Wawira hayupo. Ana zamu hospitalini Embu mjini.

Alhamisi, 17 Julai

Benchi la hospitali.

Alianza kwa kutetemeka. Nikangoja. Halafu akatulia — kabisa, kama mti. Mzee Kivuti akanong'ona, "Sasa huyo ni mwanamume!" Gitari akaashiria kamera isogee. Filimbi ilikuwa tayari mdomoni. Nikakumbuka kicheko cha jana. Nikangoja. Maneno ya Wawira nayajua, na bado nikangoja!

Midomo yake ikawa rangi ya majivu. Magoti yakalegea. Ndipo nikapuliza. Wa kwanza kurukia maji alikuwa Mzee Kivuti, na viatu vyake.

Wamemfunika blanketi tatu. Daktari anapima tu na kupima tena. Niliruhusiwa kuingia kidogo. Kithaka akanishika kwa vidole vya barafu, akauliza, ulimi mzito, kama alitetemeka.

Nikamwambia hapana.

Akatabasamu, akafumba macho.

Mzee Kivuti amesimama dirishani, mgongo kwetu, suruali bado inachuruza maji. Kutoka benchini nachungulia mlangoni zile blanketi kila mara. Zimetulia.

Tetemeka, ndugu yangu. Tetemeka tu. Mjomba hatazami.