Kalkuleta Iliyofungwa

Jumanne

Imekataa kabisa. Jumamosi nilienda saiba, duka la intaneti, mjini kuiwekea kalkuleta yangu, ile ya kuchora grafu aliyoniletea dada kutoka Amerika, mfumo mpya wa kampuni iliyoitengeneza. Sasa michezo yote niliyoandika humo ya kufundishia hesabu haifunguki. Kazi ya mwaka mzima!

"Madam, wamefunga makusudi," Mutua wa saiba aliniambia jana. "Hata mfumo wa zamani haurudi."

"Kwani kalkuleta ni yao ama ni yangu?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Kampuni imezuia lugha ya ndani ya kuandikia programu, ile yenye kasi. Lugha nyepesi, ile ya polepole, wameiacha, kwa hivyo jana jioni niliandika upya mchezo wa mpira unaorushwa juu. Unatambaa kama kobe. Niliona aibu kuupeleka Form Three leo, lakini nikaupeleka.

Wasichana wakazunguka meza yangu. Kanini, ambaye muhula huu hajafungua mdomo kwa hesabu, akasema, "Madam, vile unaenda pole pole, naona mahali unachoka kupanda, halafu unageuka."

Hicho kilele cha grafu ndicho nimekuwa nikieleza kwa chaki hadi koo likauma.

Wakifunga na lugha hii pia, sijui nitafanyaje. Inanisumbua, siwezi kujidanganya. Lakini kuandika programu ninajua, na hiyo hawawezi kunifungia.

Kanini akauliza kama hata yeye anaweza kuandika mchezo wake. Nikamwekea kalkuleta mkononi.